Kiti Namba Nane cha Papa Ottavio

Siku ya kwanza niliyotumwa kazini kwa Papa Ottavio, nilikaa kwenye kiti chake na kiti kikanifukuza. Sitii chumvi. Nilikuwa nimepanda ngazi zote za nyumba yake pale Saint-Josse, Brussels, mvua imenilowesha mpaka soksi, nikaona kiti sebuleni karibu na dirisha, nikajitupa juu yake kama mtu yeyote mwenye magoti ya umri wangu. Kitu cha baridi kikanibana mgongoni, kingine kikanisukuma kwa chini, na kabla sijamaliza kusema bismillahi nilikuwa nimeshasimama wima katikati ya chumba, mkoba bado begani. Na yule mzee, badala ya kunipa pole, akapiga makofi.

"Umeona?" akasema. "Umesimama mwenyewe! Kinafanya kazi!"

Ebo! Nikajiambia, Hidaya, leo umeletwa kwa mwendawazimu. Nilimtazama juu mpaka chini: mzee mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, macho yanameta kama ya mtoto aliyeficha kitu. Nikamuuliza kiti chake kina ubaya gani na watu. Akajibu kwamba kiti kikikustarehesha unalala, na mtu aliyelala hafikiri; donc, ndiyo maana yeye maisha yake yote ametengeneza viti vya kuwafikirisha watu. Nikamwambia mimi nilichofikiria pale juu ni kifandugu changu tu. Akasema huo ni mwanzo mzuri.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Hapa Brussels kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: nawapikia, nawaogesha, nawapa dawa, nasikiliza habari za vita vya zamani na za wakwe wabaya. Mume wangu Kadiri ni fundi makochi, karakana yake iko mtaa wa pili kutoka kwa Papa Ottavio, kati ya duka la mkate la Waturuki na duka la simu. Kwa hiyo usinifundishe habari za viti. Zaidi ya nusu ya umri wangu nimelala na mwanamume anayenuka gundi, na mtu wa kuniambia kiti kazi yake ni kufukuza hajazaliwa.

Lakini huyu alikuwa amezaliwa, Italia ya kaskazini, na jina lake kamili Ottavio Brusadin. Alisomea usanifu wa majengo Venisi. Walimu wake walikuwa wa ile dini yao mpya, wenyewe wanaiita modernisme: hakuna maua, hakuna nakshi, hakuna tamvua wala pazia la mikunjo, chuma kionekane chuma na ukuta uonekane ukuta. Alikuja Brussels mwaka wa 1958, wakati wa yale maonyesho makubwa ya dunia, kijana wa kubeba michoro ya wakubwa. Maonyesho yakaisha, wenzake wakapanda treni stesheni ya Midi wakarudi kwao. Yeye akabaki kwa sababu ya msichana mmoja aliyekuwa akikata tiketi mlangoni, Lucienne. Wakaoana. Lucienne alifariki kabla mimi sijaijua nyumba ile, na hawakubahatika kupata mtoto.

Tulikuwa tunazungumza Kifaransa, yeye cha Kiitaliano, mimi cha Buyenzi, na kazi zake zote alinisimulia kidogokidogo wakati namkata kucha. Nyumba ya kwanza aliyojenga ilikuwa ya daktari wa meno, kule Uccle. Akamwekea paa tambarare kama meza. Paa tambarare, Brussels! Mji ambao mvua yake haina likizo! Haikupita miezi mingi daktari akapiga simu: maji yanamwagika juu ya meza ya chakula. Papa Ottavio akaenda, akasimama, akatazama juu, akatazama chini, akatoa kalamu. Unadhani alichora paa jipya? Akamchorea ndoo.

"Ilikuwa ndoo nzuri sana," akaniambia. "Ya chuma kitupu, haina mshikio. Mshikio ni pambo."

"Sasa maji yalikuwa yanamwagwaje, Papa?"

"Kwa kuikumbatia."

Nilicheka mpaka nikamkata kidole. Basi yule daktari alikuwa anatembea ndani ya nyumba yake mwenyewe na ndoo kifuani kama mama wa mtoto mchanga, na hakupiga simu tena. Wala mtu mwingine hakupiga. Habari za kujenga nyumba zikafia hapo, na Papa Ottavio akahamia kwenye viti.

Huko ndiko alikofanikiwa, na mafanikio yenyewe ni ya kuchekesha. Ofisi moja ya serikali, sitaitaja kwa sababu bado wana karatasi zangu, ilimwagizia mabenchi ya chumba cha kungojea. Akawatengenezea ya mabomba ya chuma, membamba, yameinama kidogo kwa mbele. Watu waliokuwa wakingoja tangu asubuhi wakawa wanakaa kidogo, wanajigeuza upande huu, upande ule, halafu wanainuka wanakwenda zao nyumbani. Wakubwa wa ofisi wakafurahi ajabu. Foleni zimekwisha! Ofisi nyingine zikasikia, nazo zikaagiza. Papa Ottavio akavimba kichwa. Yeye alikuwa anaamini kabisa kwamba watu wale walikaa, wakafikiri, wakagundua kwamba karatasi hawaihitaji.

"Walikuwa wanaumwa makalio!" nikamwambia. Halafu kitu kikanigonga kichwani. "Ngoja kwanza. Hayo mabenchi yalikuwa na mabomba matatu, la katikati limepanda juu kuliko mengine?"

"Ndiyo!" akasema kwa furaha. "Unayajua?"

Mtume! Kumbe ni yeye! Mimi nilipofika nchi hii nikikimbia vita, mwanangu Fahad yuko tumboni, nilikaa juu ya bomba lile la katikati nikingoja jina langu liitwe. Nilistahimili, nilistahimili, nikashindwa, nikaenda kutembea kidogo barabarani kunyoosha mgongo, na niliporudi nikaambiwa nimeshaitwa, nije wiki ijayo. Miaka yote nimelilaani bomba lile bila kujua baba yake ni nani, na sasa baba yake yuko mbele yangu, miguu yake iko ndani ya beseni langu la maji ya moto. Siku ile chai nilimpa bila sukari.

Kuna na kanisa. Padri mmoja alimwagizia viti vya waumini, akavipata, na kuanzia Jumapili ya kwanza watu wote wakawa wanapiga magoti tangu mwanzo wa misa mpaka mwisho, maana magoti yalikuwa afadhali. Padri akadhani ni uamsho wa roho, akalia madhabahuni. Kuna na mgahawa wa Porte de Namur, lakini mwenye mgahawa hakuwa mjinga: alitaka watu wakae, waagize, waagize tena. Viti akavirudisha kwa lori.

Katika vyote hivyo, Papa Ottavio alikuwa anapenda kimoja. Alikitengeneza mwaka wa 1964, akakiita Namba Nane, na alisema saba vya kwanza vilikuwa mazoezi tu. Bomba moja la chuma limepindwa kama mtu aliyeshikwa na tumbo, mikanda miwili ya ngozi, basi. Hakina mikono, hakina mto. Hakuna kiwanda kilichokubali kukitengeneza, kwa hiyo duniani kilikuwa kimoja tu, kile kile kilichonifukuza mimi. Kila asubuhi alikaa juu yake na kahawa yake, akapiga mafunda machache, kiti kikamwinua, akamalizia kahawa amesimama dirishani. Peke yake. Nyumba ile haikuwa na wageni. Mtu akija anasimama, anaaga, anaondoka, na mzee anasema, unaona, Signora Hidaya, watu wa leo wana haraka.

Bon. Siku moja akaja Océane. Huyu ni binti wa Maman Mauwa wa Lubumbashi, mtoto amezaliwa hapahapa, amesoma historia ya sanaa, na anafanya kazi kwenye makumbusho madogo ya fanicha. Mtoto mzuri, nywele amezifunga juu kama mnara. Alipoingia alisimama mbele ya Namba Nane akashika mdomo.

"Maman Hidaya," akaniambia kwa Kiswahili chao, "hii kiti, unajua ni kitu ya maana namna gani? Kwenye vitabu wanasemaka ilipotea!"

Wakakaa, yaani wakasimama, wakazungumza. Makumbusho yatampa Papa Ottavio ukumbi mzima: mabenchi yake, viti vyake, michoro yake, hata ile ndoo imepatikana kwa watoto wa daktari. Na katikati, juu ya jukwaa, chini ya taa, Namba Nane na jina lake. Sharti moja tu: kiwe kama alivyokitengeneza mwenyewe, bila kuongeza, bila kupunguza. Sharti hilo mimi sikulisikia. Nilikuwa jikoni nakaanga, na mafuta yangu yakichemka husikii hata adhana.

Nilichosikia ni alichoniambia mzee mwenyewe, Océane alipoondoka. Alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

"Signora Hidaya, nimelingojea jambo hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nataka hilo tu. Nikishaiona Namba Nane pale juu na jina langu, mnaweza kunizika hata kesho yake."

Nikalia na mimi. Bomba la katikati nikamsamehe, kidogo.

Gari la makumbusho likaja likabeba fanicha yote, nyumba ikabaki inaita mwangwi. Kikaachwa Namba Nane peke yake, kwa sababu Océane alitaka kuja kukichukua Jumamosi yeye mwenyewe, kwa heshima. Na wiki hiyohiyo nyonga ya mzee ikamkamata, akapelekwa hospitali apumzishwe siku chache. Daktari akamwambia akae mahali laini. Akamjibu daktari kwamba laini ni uongo.

Mimi nikabaki na funguo za nyumba, na roho haikutulia. Jumamosi wageni wanakuja. Watu wa makumbusho! Na ndani hamna kitu ila kile kiti kama mkongojo wa chuma. Kwetu Buyenzi, mgeni akitangazwa, nyumba inavalishwa. Makochi yanavuliwa vitambaa vya kila siku yanavikwa vile vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, vinapigwa wanga mpaka vinasimama. Redio inavikwa. Friji inavikwa kichwani kama bibi harusi. Mama yangu aliwahi kuvika hata jenereta. Sasa mimi, binti yake, niache kiti uchi mbele ya watu?

Nikamwita Kadiri aje aone. Mume wangu alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile. Alikizunguka kile kiti, akakigonga kwa kidole, akainama akakichungulia kwa chini, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Masikini mzee," akasema. "Hiki si kiti, Mama Fahad. Hiki ni mfupa. Sponji ilimwishia."

"Yeye anasema kimekamilika."

"Ungekuwa wewe ungesemaje? Mwanamume mzima, fundi, miaka yote hiyo, akubali kwamba alishindwa kumaliza kiti kimoja?"

Na mimi nikaona kweli. Kwa fundi makochi, bomba na mikanda ni mwanzo wa kazi: juu yake inakuja sponji, juu ya sponji kitambaa, juu ya kitambaa ndiyo mtu. Mzee alianza mwaka wa 1964, akakwama, akajitungia falsafa. Na sasa amelala hospitali, kiti chake kinakwenda kuoneshwa kwa watu hakijamalizwa. Aibu gani hiyo! Tukakubaliana tummalizie, iwe zawadi yetu.

Kadiri akakibeba kichwani mpaka karakana. Nyumbani tulikuwa na mahameli ya rangi ya zabibu, aliyoipata soko la Jumapili pale Midi, tumeitunza kwa makochi yetu wenyewe. Akaileta bila kuulizwa. Akaweka sponji nene, akaweka vifungo vilivyozama kama vitovu, akazungushia tamvua za dhahabu mpaka chini. Halafu akaona hakina mikono, akasikitika upya, akakiwekea mikono miwili minene kama ya kiti cha bwana harusi. Mimi nikaongeza vitambaa vyangu: kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto, na mgongoni kile nilichokitarizi kwa uzi mwekundu, KARIBU MGENI. Tukakirudisha dirishani, tukasimama mbali kidogo, tukatazama. Kadiri akajipangusa jasho.

"Sasa ni kiti," akasema.

Jumamosi asubuhi mzee akaletwa na Guylain, jirani wa chini, kijana wa Lubumbashi mwenye teksi. Guylain alitangulia na sanduku, akafika juu anahema, akakiona, akakaa ili apate pumzi. Nikaona macho yanamfumba.

"Eh, maman Hidaya! Hii kiti iko namna gani? Muntu anaweza kulala humu mpaka lundi!"

"Jumatatu kalalie kwako! Toka humo, ni cha mzee!"

"Bon, naamuka, naamuka," akasema, na hakuinuka hata kidogo.

Papa Ottavio akaingia polepole na kigari chake cha kutembelea. Akatazama dirishani. Akatazama pembe zote nne za chumba. Akanigeukia.

"Namba Nane iko wapi?"

Nikacheka, nikadhani ni utani. "Si hiyo hapo, Papa!"

"Guylain amekaa juu ya nini?"

"Juu ya Namba Nane. Tumekumalizia."

Jamani. Uso wake ulikuwa mweupe, ukawa mwekundu, ukawa rangi ya zabibu sawa na mahameli yenyewe. Akasema maneno mengi ya Kiitaliano ambayo sijafundishwa, nikayaelewa yote. Halafu Kifaransa kikamrudia: wanakichukua leo! Lazima kiwe vile vile! Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, Océane alisema! Akavuta tamvua moja kwa nguvu zake zote, na tamvua ya Kadiri haiwezi kutolewa na mzee wa miaka karibu tisini.

Kusema kweli mimi nilikasirika. Mahameli yangu! Kazi ya mume wangu! Asante haijasikika hata moja! Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona bado anaing'ang'ania ile tamvua, roho ikaniuma, nikaufunga. Nikampigia Kadiri simu aje mbio na mkasi. Alipofika mlangoni anahema, mkasi mkononi, kengele ikalia chini. Océane, amewahi, na wapagazi wawili.

"Nikalisheni," mzee akasema. Akaelekeza kigari chake dirishani.

"Juu ya hicho?" nikauliza.

"Kuna kingine? Nikalisheni, na leteni blanketi!"

Guylain akang'olewa. Tukamkalisha mzee, nikamfunika blanketi, Kadiri akaongeza koti, Guylain akavua jaketi lake, nikamalizia na kitambaa cha meza, mpaka kikabaki kichwa tu juu ya kichuguu cha nguo. Ilikuwa Juni, jua linawaka. Kadiri akaficha mkasi nyuma ya mgongo.

Océane akaingia akatusalimu wote, akamwinamia mzee. "Papa Ottavio, unasikia baridi?"

"Sana."

"Na Namba Nane?"

"Nimeikalia."

"Ah, ça c'est beau, inapendeza! Mutu na kiti yake. Bon, tutangoja kidogo."

Sasa nifanye nini, watu wanangoja wamesimama? Nilitandika mkeka, nikaleta chai ya tangawizi na sambusa. Wapagazi wakakaa magoti juu, Océane akakaa upande kwa sababu ya sketi yake, Kadiri akakaa juu ya mkasi akaruka. Mzee nikampa kahawa yake. Namwangalia, roho iko juu: mafunda machache, na atainuka, na mambo yote yatakuwa hadharani. Akapiga mafunda machache. Hakuinuka. Akamaliza kikombe. Akaomba kingine.

Nikaona mabega yake yanashuka. Yale mabega, tangu nimjue, yalikuwa yako masikioni. Akaegemea mpaka KARIBU MGENI akaiegemea barabara, akapumua, na akaanza kusimulia. Alisimulia ndoo, na safari hii akacheka yeye mwenyewe. Alisimulia padri, wapagazi wakacheka mpaka chai ikawatokea puani. Alasiri ikaingia na hakuna aliyeaga. Mpagazi mmoja akamuuliza kama mkewe alikuwa anavipenda viti vyake.

Papa Ottavio akaweka kikombe magotini.

"Kila siku baada ya chakula Lucienne alikuwa anakwenda kumsalimia dada yake," akasema. "Kila siku, maisha yetu yote. Nilimwona ni mtu wa ndugu sana. Tulipomzika, dada yake akanionesha kiti kwake, dirishani. Kibaya sana, kina maua. Akaniambia: alikuwa anakuja kukaa."

Kwangu alikuwa hajawahi kuitaja habari hiyo, na nimemkata kucha miaka. Océane akanyoosha mkono kwenye sahani ya sambusa apate la kufanya, na hapo jicho lake likaanguka chini, kwenye tamvua ya dhahabu iliyochungulia. Akaishika. Akaivuta. Kitambaa cha meza kikateleza, jaketi likafuata, koti, blanketi, na mahameli yote ya zabibu ikatoka nje mbele ya watu wa makumbusho.

"Mungu wangu. C'est quoi, ça?"

Tukasema wote kwa pamoja. Mwisho Kadiri akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ni mimi fundi. Lakini binti yangu, usiogope. Chini hakijaguswa, bomba zima, ngozi nzima. Mkasi huu hapa. Natoa yote sasa hivi, kinabaki kama mlivyokikuta."

Océane akakichungulia kiti kwa chini. "Yote?"

"Yote. Mzee asimame tu."

Sote tukamgeukia mzee. Océane akapiga magoti mbele yake akamshika mkono. "Papa Ottavio, simama basi. Ukumbi iko tayari. Jina yako tuliisha kuandika ukutani."

Nikaenda upande wa kiwiko nimwinue kama ninavyomwinua kila siku. Nikavuta. Akawa mzito. Nikavuta tena.

"Papa, ni nyonga?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Alikuwa anautazama mkasi wa Kadiri. Alisema polepole, na alinisemesha mimi, si Océane.

"Signora Hidaya, miaka yote hii nimekaa kama mtu anayengoja kuitwa. Leo wameniita, na sitaki kusimama."

Halafu akalia, tena kweli, kama mtu anayemsindikiza mpenzi wake kwenye treni. Océane akamwambia, Papa, umelingojea jambo hili maisha yako yote, hutalipata tena. Akasema anajua. Akamwambia Kadiri aweke mkasi chini. Alijipangusa uso kwa kitambaa changu cha mkono wa kulia, akakirudisha mahali pake, akakinyoosha vizuri kwa kiganja, na akamuomba Océane asiondoke kabla ya kumaliza chai.

Ukumbi ulifunguliwa vuli ile. Mimi na Kadiri tulivaa vya sikukuu, Guylain akatupeleka. Watu walikuwa wengi, wa mji mzima, wamesimama wote, maana vilivyokuwamo ndani ni viti vya Papa Ottavio. Katikati kulikuwa na jukwaa tupu chini ya taa, na Océane alikuwa ameandika kadi ndogo: Namba Nane, 1964. Haikuletwa, kuna mtu amekaa. Kadiri aliisoma, akaisoma tena, akaniomba nimpige picha pembeni yake. Ulipofika wakati wa hotuba wakaanza kumtafuta mwenye kazi. Yuko wapi? Amefika? Océane akaniangalia. Nikatoka pembeni nikapiga simu nyumbani kwa mzee, ikaita sana, ikapokewa.

"Papa, wanakuulizia huku. Ukumbi umejaa. Nimtume Guylain akufuate?"

Nilisikia kijiko kinagonga kikombe, na sauti za watu nyuma yake. Wale wapagazi wawili walikuwa wamekwenda kumtembelea.

"Waambie nimekaa," akasema.

Nikarudi ndani nikawaambia.